Skrubu ya Shoki ya Nyuma

Nyacheki, Jumapili

Shikamoo Baba,

Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na umerudi karakanani. Mimi ni mzima, nimechubuka goti tu. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungeshindwa kunielewa.

Unakumbuka nilivyolalamika kwamba pikipiki niliyopewa kazini ya kuzungukia ng'ombe wa chanjo inanipiga kiuno kwenye makorongo? Ulinielekeza nilegeze ile skrubu ya chini ya shoki ya gurudumu la nyuma, ili springi ijirudishe upesi. Nililegeza, nikajaribu mlimani peke yangu, ikawa tamu. Nikafurahi, nikazidi kulegeza. Sikuwaza uzito wa mtu wa pili.

Ijumaa ya wiki iliyopita, Mama Bosibori, mwenye nyumba ninayopanga, alicheleweshwa kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai. Aliponiona napita alinipungia kikapu.

"Mwanangu, nibebe. Jua likizama Sabato imeingia, na mimi niko barabarani!"

Nikambeba. Kwenye mteremko tulikutana na korongo. Shoki ilizama yote, kisha springi ikaruka kama teke la punda. Mama Bosibori akatoka kitini, akaangukia ubavu. Nyonga imevunjika, Baba. Mama wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa akichuma chai yake mwenyewe.

Mwanawe, Omwenga, mwenye duka pale Masimba, alinikuta hospitalini Kisii. Akanishika bega. "Usijilaumu, dada. Ni matope. Hii barabara yetu imeangusha wengi."

Siku nne nilimficha ukweli, na mkewe ananiletea ugali na mboga ya chinsaga kana kwamba mimi ndiye niliyevunjika. Siku ya tano nikamfuata Omwenga uani, nikamwambia.

"Kwa hivyo haikuwa matope?"

"Hapana. Pale palikuwa pakavu. Ni skrubu niliyoilegeza mimi."

Alinipa mgongo, akageukia migomba.

"Asante kwa kusema," akasema. "Lakini tafuta nyumba nyingine. Na mama asijue kwa nini. Akijua atakusamehe hapo hapo, na mimi bado siwezi."

Nimepata chumba Kebirigo, nahamia kesho. Skrubu nimeikaza, lakini simpakii mtu tena.

Nisalimie Mama, ila haya ya nyonga mfiche kwanza, presha yake isipande. Shangazi mshonaji mwambie dera alilonishonea nalivaa. Kaka Hamisi asome kwa bidii chuoni.

Jana nilikwenda hospitalini kumuaga Mama Bosibori. Nilimdanganya kwamba kazi imenihamisha. Hakuuliza kitu. Alinishika mkono kwa nguvu zilizobaki, akafumba macho, akaniombea kwa Kikisii, maombi marefu. Mimi nilielewa jina langu tu.

Mwanao anayehitaji dua zako,
Zuhura