Robo Uliyoificha kwenye Nyaya

Chebet dada yangu,

Aki wewe mwanamke umenitesa. Miezi minne tangu tukuzike kule Subukia, na bado nakukasirikia kila nikiwasha kompyuta. Uliunda programu ya kukisia nyaya za intaneti za kampuni yetu hapa Nakuru zitabaki na nafasi kiasi gani, ili data ya kila mteja ipite bila kugongana na ya mwenzake. Sawa. Sasa mbona hukuandika popote kwamba ulikuwa unapunguza jibu la mwisho kwa robo? Mstari mmoja, kimya, bila maelezo!

Mimi uliyenifundisha kazi nikaona ni kosa. Bosi alikuwa akilalamika nafasi inakaa bure, nikaufuta. Wiki mbili nikasifiwa, kichwa kikavimba. Halafu Jumanne asubuhi chama kimoja cha maziwa huko Bahati kikaanza kututumia kumbukumbu zake zote kwa mpigo, bila kutuambia. Programu ilikuwa imeshagawa nafasi yote, hata ile robo. Picha za eksirei za hospitali zikakwama njiani. Daktari akanipigia: ana mtoto anapumua kwa shida, picha iko wapi? Niliwakatia watu wa maziwa, picha ikapita. Mtoto alipona, lakini mimi sijatulia hadi leo.

Hapo ndipo nilipokumbuka ugali wako. Tuko wawili, unasonga wa watatu. Nikikuuliza, unanijibu, "Na mgeni akibisha?" Kumbe hata kwenye nyaya ulikuwa umemwekea mgeni sehemu yake! Si ungesema tu, jameni?

Lakini hukuwa mtu wa kusema. Hata ugonjwa hukuusema. Ulikuja kazini umefunga kitambaa kichwani, nikakutania eti umekuwa Mkorino wa kanisa la vilemba, ukacheka na mimi. Ulicheka, Chebet! Ningejua, ningekuja kukaa na wewe. Hilo ndilo linaniuma, wala si programu.

Mstari nimeurudisha. Juu yake nimeandika sababu, sentensi tatu ambazo wewe zilikushinda. Bosi nimemwambia kosa lilikuwa langu. Amenuna, lakini robo amekubali ibaki.

Haya, pumzika dada. Hasira yangu bado ipo, usidhani imeisha. Ila nakuahidi: siku nikiumwa nitasema mapema, niwasumbue watu hadi wanichoke.

Wako,
Wanjiku