Sekunde Hamsini

Mamba, 11 Aprili 2024

Mwanangu Dorkas,

Mimi na mama yako tu wazima, na tangawizi imeota vizuri. Kifua chako kimepona? Nimeandika barua kwa sababu simu inakatika, nami nataka unisikie mpaka mwisho.

Programu ya simu uliyokitengenezea kikundi chetu cha wakulima, ya kumwita bodaboda wa zamu mtu akizidiwa ni nzito kufunguka. Juzi Jumanne Blandina alishikwa na uchungu. Mumewe, Eliufoo, akaibonyeza, ikazunguka tu. Nimeipima kwa saa yangu: sekunde hamsini. Yeye alidhani imekufa, akakimbia kwa miguu kutafuta pikipiki. Alipoipata muda ulikuwa umekwenda, mtoto akazaliwa njiani kwenye mvua. Mtoto ni mzima, ila Blandina alivuja damu nyingi, bado amelazwa hospitalini Same.

Wanakikundi wanataka tuifute. Nimewaomba mwezi mmoja.

Baba yako,
Anderson

Dar es Salaam, 17 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona. Barua nimeisoma palepale stendi nilipoipokea, nimesimama.

Kosa ni langu. Kwenye simu yangu mpya inafunguka kwa sekunde mbili, sikuwahi kuijaribu kwenye simu kama zenu. Sasa nimenunua kuukuu kama ya Eliufoo. Kumbe ilikuwa inavuta ramani nzima na picha za madereva kabla ya kuonyesha kitufe cha kuita. Nimetanguliza kitufe, mengine yafuate. Nimefika sekunde kumi na mbili. Pakueni toleo jipya, unipimie.

Mpe Blandina pole yangu. Sina uso wa kumpigia.

Mwanao,
Dorkas

Mamba, 1 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Huku tunaendelea vizuri, mama yako anakusalimu. Blandina ameruhusiwa.

Nimepima simu sita. Nyingi ni kumi na mbili, huku juu kwa Hezroni, yule wa bodaboda, kumi na nane. Hezroni akasema, "Mzee, si haba." Nikamjibu, "Mkeo akivuja damu, utazihesabu." Kikao cha kikundi ni tarehe kumi na mbili. Kaza.

Baba yako

Dar es Salaam, 7 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, usingizi tu ndio haba. Nimeipata sababu. Kila ikifunguliwa ilikuwa inauliza kwanza mtandaoni kama mtu huyu ni mwanachama, na mtandao wenu ukisuasua, nayo inangoja. Sasa inauliza baadaye. Orodha ya zamu inakaa ndani ya simu, na intaneti ikikosekana, ombi linakwenda kwa ujumbe wa kawaida. Sekunde tatu, data ikiwa imezimwa.

Kikao kikikataa, nitaelewa.

Mwanao

Mamba, 14 Mei 2024

Mwanangu Dorkas,

Marahaba. Sote tu wazima.

Ijumaa mtoto wa Victoria alibanwa na pumzi shambani. Victoria aliibonyeza, Hezroni akafika pikipiki ikiwa bado ina matope ya safari nyingine. Mtoto alirudi nyumbani Jumamosi.

Hata hivyo, kwenye kikao wengine walishikilia ifutwe. Blandina akasimama, mtoto mgongoni. Akasema, "Aliyezalia njiani ni mimi. Jana nimeiweka kwenye simu yangu. Anayetaka kuifuta afute ya kwake."

Akakaa. Tukaendelea na ajenda ya mbolea.

Mpigie. Anakungoja.

Baba yako,
Anderson