Nilipanda muti wa mupaka mahali Kahindo alitaka majani

Plan ya Kahindo wangu imekubaliwa. Commune, serikali ya muji, imetia cachet, muhuri yake, na ni kilima yetu itaanza mbele ya vilima vyote vya Butembo. Mutoto wangu wa tumbo. Mie niliishiaka ku darasa ya sita, yeye anachora njia ya maji ya quartier, mutaa muzima.

Sasa nisalimie. Leo ni Jumatano, mvua ilianza saa nane, imebakia matone tu. Mbegu zitafurahi. Mie hapana.

Kwa bale habajue kwetu: tuko ku mutelemuko, na maji ya mabati yote ya juu inashuka kwetu. Wakati Kahindo alikuwa mudogo, ilikuwa kafereji ka kuruka. Leo ni shimo. Imekula jikoni ya jirani yangu Mama Kavugho na nusu ya njia ya kanisa. Bengine banalilia béton, ukuta wa simenti. Kahindo anasema kilima inafungwa na mizizi: vetiver, yale majani ya mizizi ndefu, kwa mistari inayozunguka kilima; bambou, mianzi, chini mu shimo; na muti moja ya matunda ku kila parcelle, kiwanja ya nyumba, ili kila mutu achunge wake. Alipima usawa wa kilima na bomba ya mupira yenye maji ndani, akapigilia vijiti, akaenda Beni kuleta miche.

Hapo akili yangu ikaniponyoka.

Nilitaka akirudi akute kumeshaanza kuwa kijani. Na nilitaka, Mungu anaona, bamama ba chorale, kwaya ya kanisa, baseme nusu ya kazi ilitoka mu shamba yangu. Basi nilikata matawi ya ule muti tunapandaka ku mupaka wa mashamba, juu haukatae kushika hata ukiuchomeka kichwa chini. Siku mbili nikachomeka ku vijiti vyote. Mustari ukawa muzuri. Nilipiga hata photo.

Mie niliangalia mizizi. Batu baliangalia mupaka.

Kwetu muti ule unasema neno moja tu: hapa iko na mwenyewe. Na mustari wangu unakata parcelle za batu, halafu unapita juu kabisa ya bâches, maturubai ya bakimbizi ba vita, bale balitoka Kanyabayonga na kanisa likabapa uwanja wake. Jumatatu, Mama Kavugho alinisimamisha ku kisima.

« Mama Kahindo, mutoto wako anapimia mukubwa gani kilima? Tuambie, tuanze kufunga mizigo. »

Mudomo ulicheka, macho hapana. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mie. Nikajibu: « Ungoje, utaona. » Jibu la mutu mwenye kiburi. Kufika magharibi, quartier muzima ilijua kwamba binti yangu anauza kilima.

Na mie nikanyamaza siku mbili. Naandika hivi nikiona haya. Niliacha jina la mutoto wangu litembezwe ku kisima, juu ya kulinda langu.

Leo, mbele ya mvua kuanza, nilishuka kwa Mama Masika. Yeye ndiye bamama ba bâches banasikilizaka. Aliahidi Kahindo kwamba bote batakuja kupanda, na bila mikono yao hatuwezi, jirani wengi tayari banasema habatoki kufanya kazi. Nikamukuta anakunja bâche yake. Sufuria zimefungwa, batoto bamevaa viatu.

« Tumezoea, mama, » akasema. « Heri kutoka mbele ya kutolewa. »

Nikamuuliza banaenda wapi. Akanyoosha mukono upande wa Beni. Beni, kwenye batu banatoka kila wiki kukimbilia kwetu.

Mama huyu aliponea vita na batoto bane, na sasa alikuwa anakimbia matawi yangu.

Nikamwambia. Ni mie. Kahindo hajue. Alitaka majani, nikaleta mupaka, juu ya kutaka sifa. Aliacha kukunja, akaangalia nywele zangu.

« Weye? Na mvi hizo? Mutoto wa shamba, unapandia maji mupaka? »

Akacheka, kicheko ya kweli, hata batoto bakageuka. Lakini bâche hakuikunjua. « Ng'oa kwanza. Nitaona. »

Ndiyo mvua ilinikuta nang'oa. Nimemaliza upande wa bâches, nimefika kwa Mama Kavugho. Nikamwambia naye, juu ya fensi, huku matope inanitiririka. Hakucheka. Alisema: « Maneno hayo uyaseme mbele ya batu bote, si ku fensi. » Iko na haki. Kesho namaliza iliyobaki, na matawi narudisha shambani, kule inasema ukweli.

Kahindo alipiga simu. Miche iko mu camion, lori ya mizigo, bambou na vetiver, anatoka Beni Ijumaa asubuhi. Ile barabara siandike habari yake. Mwenye kuijua anaijua. Aliniuliza: « Mama, kilima iko aje? » Nikasema iko sawa. Ni uongo wa mwisho. Nitamwambia akishuka mu camion, nimemushika mukono, si wakati roho yake iko ku barabara.

Sijatoka kuangalia kama bâche ya Mama Masika ingali imekunjwa. Naogopa kuangalia.

Lakini nimeomba chef wa quartier aniachie megafoni mbele ya kazi kuanza. Nitasimama pale juu, niseme jina langu na kosa langu, halafu niiname nichimbe. Saa moja ya asubuhi, kila mutu na jembe yake. Bakija kumi, tutapanda na kumi. Bakija bote, nitalia, nawaambia mbele.

Kazi ni Jumamosi.