Kaburi Nililomwonyesha Mama Si la Mjomba Wendell

Mpendwa Bi Verna,

Nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri gazetini kwa sababu jambo hili nimelibeba tangu Oktoba na sasa linanizidi nguvu. Nina miaka hamsini na tisa, naendesha basi la shule hapa Iowa, na mpaka Februari mwaka huu nilikuwa naishi na mama yangu, Opal, aliyekuwa na miaka themanini na sita na macho yake yamebaki kuona vivuli tu.

Mama alikuwa na kaka mmoja, Wendell, aliyeuawa Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili akiwa na miaka ishirini, akazikwa hukohuko pamoja na wanajeshi wenzake wa Marekani, na maisha yake yote mama alitamani afike pale japo mara moja, basi mwaka jana nikasema twende, nikakata tiketi, nikapita benki kuwaarifu kwamba tunasafiri, na yule dada wa dirishani, Kendra, akaigeuzageuza kadi yangu akasema, "Bwana Royce, hii ni ya kutia sahihi. Kule mashine nyingi hazina mhudumu, zinataka kadi yenye chipu na namba ya siri. Subiri wiki mbili tukutengenezee." Nikamjibu mbele ya foleni nzima, "Binti, kadi hii nilianza kuitumia wewe hujazaliwa," watu wakacheka, nikatoka.

Paris hakukuwa na shida, hotelini nilitia sahihi, kwenye gari la kukodi nilitia sahihi, moyoni nikawa namcheka Kendra. Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili, tukashika njia kwenda makaburini, na mafuta yakawa yanakaribia kuisha huku kila mahali pamefungwa, mpaka tukafika kwenye pampu moja isiyo na mtu, ya kadi tu. Nikachomeka kadi, mashine ikataka namba ya siri. Sina. Nikachomeka tena na tena, ikaitema kila mara, na nyuma yangu watu wanakuja, wanajaza, wanaondoka.

Mama akashusha kioo. "Royce, nani huyo amesimama hapo?"

"Mama mmoja anajaza mafuta."

"Si umwombe atumie kadi yake, wewe umpe noti?"

"Kifaransa chenyewe sikijui, mama."

"Mwonyeshe noti. Noti haitaki Kifaransa."

"Sisimami kuomba mafuta kama ombaomba, mimi!"

Akapandisha kioo. Yule mama akawasha gari lake akaenda.

Nikaendesha polepole mpaka kijiji cha karibu nikitafuta msaada, sikuona mtu, nikaegesha kando ya kanisa, na uani mwa kanisa palikuwa na makaburi ya watu wa pale na, pembeni, mawe meupe saba au manane ya askari wa Uingereza. Mama akayaona yale mawe kama vivuli vyeupe. Akauliza, "Tumefika?" Bi Verna, nikasema ndiyo.

Nikamshika mkono nikampeleka kwenye jiwe la askari ambaye jina lake halikujulikana. Akapiga magoti kwenye majani mabichi, akavua glavu, akapapasa maandishi. "Mbona jina lake silipati?" Nikamwambia, "Mvua za miaka yote hii, mama, zimelifuta." Akaweka shavu lake kwenye lile jiwe akasema, "Wendell, samahani nimechelewa," akaanza kumsimulia, kwamba baba yao aliuza ng'ombe wote baada ya ile telegramu ya kifo chake kuja, kwamba mbwa wake alimngoja getini majira mawili ya baridi. Mwisho akachimba kwa vidole akafukia kinanda cha mdomo cha Wendell, ambacho jeshi lilikirudisha nyumbani na vitu vyake. Mimi nimesimama nyuma yake, nimeshika mkoba.

Lililo baya zaidi sijamwambia mtu yeyote. Tulipotoka uani tulikutana na fundi mmoja wa trekta, nikamwonyesha noti, akanipa dumu la mafuta bila hata neno moja la Kiingereza. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Makaburi yenyewe yanafungwa saa kumi na moja, na safari ilikuwa dakika arobaini. Tungewahi. Lakini ningemwambia nini mama? Nikageuza gari tukarudi hotelini, njiani akasema tu, "Asante, Royce. Umejitahidi."

Mama alifariki Februari. Siku ya mazishi nikasimama kanisani nikasimulia jinsi alivyopiga magoti kwa kaka yake, watu wakalia. Sasa mdogo wake, mama mdogo Arvilla, mwenye miaka themanini na mbili, amejiandikisha kwenda Ufaransa Mei na kikundi cha kanisa, na ananiambia, "Twende wote, ukanionyeshe palepale alipopiga magoti Opal." Nimfanyeje? Na je, mama alijua?

Royce

*

Royce,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekukasirikia na kukuhurumia. Nianze na hasira, tuimalize.

Usiniambie habari ya kadi. Kadi ni kipande cha plastiki. Kendra alikuambia, ukamfanya kichekesho cha foleni. Mama yako, asiyeona, aliiona njia ya kutoka pale kwenye pampu, ukamfokea. Halafu fundi wa trekta akakuonyesha ilivyokuwa rahisi. Kilichokukwamisha ni kwamba huwezi kumwambia mtu, "Sijui, nisaidie."

Ulipoulizwa "Tumefika?" ukasema ndiyo, hapo sikuhukumu sana. Bibi wa miaka themanini na sita amevuka bahari, ndege ni kesho, mafuta hakuna. Wengi wetu tungesema ndiyo. Lakini ulipokuwa na mafuta na saa nzima mbele yako, ukageuza gari, hapo humwonei mama huruma tena. Hapo ulijiokoa mwenyewe, na gharama akalipa yeye. Ni vizuri umeliandika. Ungeliacha, nisingejibu barua hii.

Unauliza kama alijua. Sijui, wala wewe hutajua kamwe. Usitafute mchungaji wala jirani wa kukuambia kwamba alijua na alikusamehe. Utazeeka bila jibu hilo, na nasikitika, maana naona ulimpenda.

Arvilla ni jambo lingine, kwa sababu yupo. Mwambie wiki hii, kabla hajafunga sanduku. Nenda nyumbani kwake, si kwa simu, na usingoje mtoke ibadani watu wakiwa wamewazunguka. Mwambie yote, pamoja na ile saa kumi kasoro robo. Ukiificha hiyo, utakuwa umemdanganya upya.

Akikubali mfuatane, nendeni kwenye kaburi lenyewe. Pale makaburini kuna ofisi, mtaje jina la Wendell watawapeleka mpaka kwenye msalaba wake. Kile kinanda usikifukue kwa siri kama mwizi. Mwandikie padri wa lile kanisa, mweleze, na Arvilla ndiye aamue kama kitoke au kibaki na yule askari asiye na jina, ambaye huenda hajawahi kuliliwa na dada.

Na uende benki. Umwombe Kendra radhi kwanza, ndipo uombe kadi. Mwulize waziwazi kama itakubali namba ya siri kwenye mashine isiyo na mhudumu, maana si zote zinazokubali. Namba uikariri, usiiandike kwenye pochi. Beba kadi ya pili na noti za kule, na gari lijazwe mafuta Jumamosi. Mashine ikikataa, mwombe aliye karibu.

Sasa kuhusu Arvilla, jiandae. Amempoteza kaka, amempoteza dada, na wewe unakwenda kumnyang'anya picha ya mwisho aliyonayo ya dada yake. Usimpelekee maua. Usianze na sababu zako. Akilia, usimnyamazishe. Akikuuliza swali lilelile mara tano, lijibu mara tano. Akikufukuza, chukua kofia yako uondoke, na Jumapili inayofuata urudi ugonge tena.

Bi Verna