Ngitili Imefungwa

Nyumbani,
Jumapili, baada ya kutoka kanisani.

Kwako kaka yangu Masalu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu umenitangulia kuzaliwa na hilo halijabadilika, ingawa mengine yote kati yangu na wewe kwa sasa yamechafuka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Buseresere, kifua hakikusumbui kwa vumbi la karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na unapolala pana mlango. Sisi huku tunaendelea. Mama anatembea, goti linamkaza asubuhi, likipata jua linalegea. Mageni ameota meno mawili ya juu, ananing'ata akinyonya halafu ananitazama usoni aone nitafanya nini. Baba yake bado yuko Ushetu anapakia marobota ya tumbaku ya watu, kwa hiyo maji ni mimi, kuni ni mimi, ng'ombe na mtoto pia ni mimi. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue nimempakata.

Nimeandika kwa sababu simu yako ilikuwa inaita hupokei, na siku hizi haiiti kabisa. Karatasi huwezi kuizima. Nimempa Paskalia, anakuja huko kuuza michembe, viazi vyetu vya kukausha, na nimemwomba asiondoke mbele yako mpaka umalize kusoma.

Kaka, baada ya watu kuvuna walikuja wataalamu wa mipango ya ardhi. Tukaitwa uwanja wa shule, wazee, vijana na sisi wenye watoto mgongoni. Aliyesema sana ni kijana mmoja mpole anaitwa Bwana Hamza. Alieleza kwamba mji wa Kahama unakua unakuja huku, machimbo yanaongezeka, watu wanahamia, kwa hiyo lazima ijulikane mapema wapi patakuwa pa kuishi, wapi pa kulima, wapi pa malisho na wapi pa viwanda, kwa miaka ishirini ijayo. Maneno mazuri. Hata mimi niliitikia kwa kichwa. Kisha akatandika ramani kwenye meza ya mwalimu akasema hii ni yenu, imetokana na maoni yenu, kilichobaki ni kunyoosha mikono ipite. Hapo tukaanza kutazamana. Maoni yapi, na tuliyatoa lini? Akasema huu ni mpango shirikishi. Mzee Cornel akamjibu kwamba kushirikishwa kwa namna hii ni kama kualikwa harusini wakati masufuria yameshaoshwa.

Loveness anayeuza chai aliitafuta nyumba yake akakuta mstari mwekundu umepita juu yake. Akaambiwa kwa heshima kwamba hiyo ni barabara ya baadaye. Akasema basi ataacha wazi mlango wa mbele na wa nyuma, malori yasisumbuke kubisha hodi. Watu walicheka sana. Mzee Cornel hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye ramani anatafuta kwa kidole, mwisho akauliza ngitili yetu ya malisho iko wapi. Bwana Hamza akamwonyesha mahali palipopakwa rangi ya kahawia, kuanzia korongoni mpaka ukingo wa lambo. Akasema hapo ndipo vitajengwa viwanda vya kuchenjua dhahabu.

Kicheko kilikatika, kaka.

Wewe ngitili unaijua kuliko mimi. Ulichunga pale. Unajua mvua zikianza tunaifunga, hakuna uzio, ni neno tu, na hakuna mwenye ng'ombe anayethubutu kukanyaga. Majani yanapanda mpaka kiunoni mwa mtu. Kiangazi kikishaunguza kila kitu, Mzee Cornel anaifungua, wanatangulia ng'ombe wanaonyonyesha na ndama wao, halafu wengine. Maziwa anayokunywa Mageni kiangazi yanatoka kwenye majani yale. Na lambo lililo chini yake ndilo ninaloteka maji. Sasa waweke pale zebaki na sumu zao, mvua inyeshe, iteremshe. Mimi nitamnywesha nini huyu mtoto?

Wanawake tulipaza sauti, tukamuuliza Bwana Hamza ni nani aliyemwambia pale hapana kazi. Hakukasirika. Akafungua makabrasha yake, akasema kulifanyika kikao cha wadau ukumbini kule Nyahanga, na mwakilishi wa vijana wa kijiji hiki aliulizwa habari ya eneo lile, akajibu kwa kifupi kwamba limefungwa. Yeye Bwana Hamza amekuwa akizunguka machimboni, na machimboni duara la kuchimbia likifungwa limekufa, watu wamehama, limebaki shimo. Basi akaliweka kundi moja na maduara yaliyofungwa, ardhi inayotafutiwa kazi mpya. Alisema hayo kwa nia njema, nilimwona. Hakuzaliwa huku. Hajui kwamba kwetu kuifunga ngitili ni kuilea.

Watu wakataka jina. Bwana Hamza akasema jina halikumbuki, anachokumbuka ni kijana aliyekuwa machimboni na anayejua kuongea. Macho yote yakamgeukia Donatus, kwa kuwa alichimba kidogo mwaka juzi. Wakaanza kumzomea. Mmoja akamuuliza ameuza majani yetu kwa soda ngapi. Mwingine akasema akifa azikwe kwenye karasha. Donatus masikini anaapa kwa jina la mama yake marehemu kwamba Nyahanga hajafika, na kadiri anavyoapa ndivyo wanavyozidi. Mkewe alikuwa karibu yangu, ana mimba kubwa.

Na mimi nilikuwa najua.

Nilijua kwa sababu ulinipigia siku ile kutoka Nyahanga, ukanisimulia kwa furaha kwamba ofisi ya mipango ilitaka kijana wa kwetu haraka nawe ulikuwa karibu, kwamba umekaa kiti chenye jina lako mbele, umekula pilau na wakubwa, na wamekuuliza habari za nyumbani. Nilicheka na wewe. Nilijisifu kwa Mama kwamba kaka anaitwa kwenye vikao.

Sasa nisikilize. Hasira yangu si kwamba ulisema uongo. Ulisema kweli, ngitili ilikuwa imefungwa. Lakini Bwana Hamza anajua kufunga kumoja, wewe unajua kote kuwili. Umeingia maduara na umechunga ngitili. Katika ukumbi mzima ni wewe peke yako uliyeweza kusikia kwamba mmepishana. Ilibaki kuongeza kwamba imefungwa ili majani yakue. Basi. Ulikuwa na pilau mdomoni. Tangu lini wewe ni sisi, kaka, mtu ambaye hajateka maji ya lambo hili tangu msiba wa Baba? Wao walikosea kumwita mmoja na kusema wametuita wote, hilo nimewaambia usoni. Wewe ulikosea kuitika.

Kwa hiyo nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine: nilisimama, Mageni akiwa mgongoni, nikakutaja. Nilisema si Donatus, ni Masalu, kaka yangu, tumbo moja. Mama alikuwa kwenye mkeka mbele yangu. Alijifunika kanga usoni. Tangu siku hiyo mimi na yeye tunapika jiko moja tunaongea habari za chumvi tu.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Bwana Hamza akaikunja ramani. Alisema atarudi mwisho wa mwezi, na safari hii atatembea nasi kwa miguu eneo lote kabla ya kuchora, ila anamtaka aliyetoa neno lile aje alifafanue mbele ya watu. Ndipo Mzee Cornel akasema mwaka huu yeye hatafungua. Aliyesema imefungwa ndiye aje aifungue. Wote wakakubali, na mimi nilikubali.

Majani yamekauka yamesimama, kaka, na ng'ombe wanaramba mabua. Yule mwekundu uliyeniachia ameanza kuonyesha mbavu. Maziwa ya jioni hayafiki nusu ya kibuyu. Kila anayepita hapa anauliza utafika lini, namwambia unakuja. Usinifanye mwongo.

Jana Mama aliniona natafuta karatasi. Nikamuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema nikukumbushe ile fimbo ya Baba uliyoondoka nayo, maana ngitili haifunguliwi mikono mitupu.

Wasalimie wote unaokaa nao. Loveness anasema chai yako ipo, mlango wa mbele na wa nyuma. Paskalia anarudi Alhamisi, na nimemwambia akulipie nafasi kwenye gari, ya mtu na fimbo.

Mdogo wako anayekupenda na aliyekukasirikia,

Euphrasia, Mama Mageni.