Kwa Deo, kutoka kwa mjomba wa simba tisa

Mpwa wangu Deo,

Nianze kwa kukwambia kwamba maofisa wa jeshi walisimama wima mbele yangu. Mbele yangu mimi, mziba pancha wa Mikumi niliyeishia darasa la tano! Walileta jeneza lako mpaka uani kwa mama yako, Kilosa, wenye nyota mabegani, wakauliza, "Mjomba wa marehemu ni nani?" Nikajitokeza. Wakanipigia saluti. Bila amri yangu usingezikwa wewe, sikutanii.

Marehemu. Deo, hilo neno bado halikukai. Waliposema, niligeuka nyuma kuona wanamsema nani.

Siku ya taarifa nilikuwa chini ya lori la miwa kutoka Kidodi. Ikapita ndege, moja ya zile za watalii wa mbugani. Nikatoka na spana yangu, nikaipungia, nikamwambia dereva, "Mpwa wangu anarusha ndege za kivita. Akipita hapa lazima ainamishe bawa anisalimie." Dereva akasema, "Wewe mzee, waongo wote ni wanafunzi wako." Hapo simu ikaita. Mama yako hakulia. Alisema tu, "Kaka, Deo wamemtungua huko vitani," halafu akaniuliza kama nimekula. Nikajibu nimekula. Nikarudi chini ya lori, nikakaza nati zote, nikamtakia dereva safari njema. Ndipo nikakaa juu ya tairi, spana bado mkononi.

Kula! Mpaka leo sijui kwa nini aliniuliza kula.

Ulipokuwa mdogo nilikuhadithia nilivyomtimua simba kwa pampu ya baiskeli. Kila likizo simba waliongezeka. Hata ulipokuwa rubani, na kofia yako ile kama chungu, ulipiga simu: "Shikamoo mjomba. Wamefika wangapi?"

"Marahaba. Tisa, na mmoja ana mimba."

Unacheka mpaka simu inakwaruza. Hukuamini hata simba mmoja, lakini hukuacha kuuliza.

Sasa sikia ya huku. Mama yako ameanza kulala, na ni kwa sababu yangu. Unajua kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba lazima amwone uso kabla ya udongo, atoke awaambie watu kwamba ndiye. Jeneza likaingizwa chumbani, na humo ofisa akaninong'oneza, "Mzee, ndege iliungua. Nakushauri usitazame." Nikajibu kwa sauti ili uani wasikie, "Mimi nimetazamana na simba tisa!" Wakafunua. Ofisa mwenyewe akageukia dirishani.

Nilipotoka, mama yako akanikamata shati. "Kaka, ni yeye?"

"Ni yeye, dada. Uso mzima. Kama amesinzia kwenye basi."

Akakaa chini palepale, ndipo akalia. Tangu siku hiyo analala. Kila mgeni anamwambia, "Kaka yangu alimwona, hana hata mkwaruzo." Na wote wanaitikia. Hakuna anayecheka, Deo. Maneno yangu hayajawahi kupokelewa hivyo.

Ila wenzangu hapa barabarani wananishangaa. Mtu aliyemwona marehemu kwa macho yake, mbona ndege ikipita bado anatoka chini ya lori kuangalia bawa?

Basi pumzika, mpwa wangu. Simba watabaki tisa, sitaongeza hata mtoto. Na nakuahidi, kila Jumamosi nitakwenda Kilosa kukaa na mama yako, na akiniuliza ulikuwaje nitamwambia yaleyale, neno kwa neno, mpaka na mimi mnipokee huko. Kwake sitabadilisha kitu.

Wewe peke yako nakwambia. Walipofunua, nilifumba macho. Nikahesabu mpaka tisa, nikasema, "Funikeni."

Mjomba wako.