Boga la Pale Ulipoangukia

Baba Sefu,

Hali yako siwezi kuiuliza, basi naanza na yangu. Mimi mzima, watoto wazima. Mkono wa kulia una kovu bichi, ndiyo maana herufi zinalalia upande. Ulikuwa ukinitania nikitoka kwenda kisomo jioni na ubao wangu kwapani: "Mama Sefu, utamwandikia nani barua na mimi niko hapa hapa?" Haya bwana. Sasa hupo hapa hapa.

Kesho natoka eda. Dada yako Zaina atakuja asubuhi kunikogesha. Kabla hajaja nataka nikueleze yaliyotokea humu uani, maana nikiyaacha kifuani yataniua na mimi, na watoto watabaki na nani.

Wewe unakumbuka ile asubuhi mpaka pale uliponiita. Baada ya hapo sidhani. Nguruwe walikuwa wameingia bustanini tena, wamefukua viazi, wamelalia bamia, wamekanyaga tuta la mlenda likawa kama njia ya ng'ombe. Nyayo zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye ua, pale mabua yalipotoboka, zikaingia uwanjani kwa Mzee Mhina. Ukashika panga. Nikakwambia, "Baba Sefu, lile kago." Ukacheka. Ukasema, "Mimi nimetolewa Kwaluguru kwa moto tulipohamishiwa hapa kijijini, paa linawaka nimesimama nalitazama. Leo nimwogope konokono?"

Na kweli kilichokuwepo kilikuwa kijiti tu, kitambaa cheusi, na gamba la konokono linaning'inia. Lakini Mzee Mhina alipokimbia kijiji akarudi kwao Kwaluguru aliacha kijiti hicho katikati ya uwanja, na toka siku hiyo hakuna aliyethubutu kukata hata jani mle. Walisema ameuwekea dawa, atakayeingia atakiona. Nyumba ikabomoka upande, ndulele zikapanda mpaka dirishani, nyasi zikampita mtu mzima. Balozi wa nyumba kumi alikuwa anapita anasema, "Uwanja huu ufyekwe, ni amri," na wewe unamjibu, "Balozi, fyekeo hili hapa, anza wewe tukuone." Balozi anakohoa, anaendelea na safari yake. Na sisi hapa pembeni ya uwanja huo tunapanda mboga, tunapalilia, na kila tunachopanda kinaliwa na kilicholala kwa jirani.

Ukaruka ua. Nikasikia nyasi zinavunjika, nikasikia sauti yako kama mtu anayetukana, halafu ukarudi kwa miguu yako mwenyewe, umesimama wima, nikasema alhamdulillahi. Ndipo nikaona paja. Lilikuwa limefunguka kama gunia lililokatika mshono. Damu haikuchuruzika, iliruka, ikapiga majani ya bamia yakayumba. Ukaanguka kwenye tuta la maboga. Nilikufunga kanga moja ikajaa, nikakufunga ya pili ikajaa. Ukaniita mara mbili. Ukasema maji. Nilipoleta kata ulikuwa unatazama juu na meno yanagongana.

Walikubeba kwa kitanda mpaka barabarani Mkata, tusubiri gari la kwenda Korogwe hospitali. Basi lilikuja. Utingo alipoona kitanda hakuuliza nauli, alianza kuteremsha matenga ya watu juu upate nafasi. Nikamwambia, "Mwanangu, acha. Usihangaike tena." Nilikufunika uso pale pale kwenye vumbi, basi linanguruma, abiria wamevua kofia.

Basi. Hiyo ndiyo sehemu usiyoijua. Sasa nikwambie ya mwanao.

Tanga halijaanuliwa, maneno yakaanza. Si nguruwe, ni kago. Mzee Mhina amemuua. Kila aliyekuja kunipa pole alikaa mkekani akainama akaninong'oneza hilo hilo. Mimi wa eda, nimefunikwa shuka, siwezi kusimama niseme wanyamaze, mtoto anasikia. Na Sefu alisikia yote. Hakulia. Unamjua alivyo, amechukua kwako kule kunyamaza. Alichukua panga lako, lile lile, akalitafutia jiwe.

Baba Sefu, wewe hukusikia sauti ile. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba la kijiji, krii, krii, krii. Anarudi, anakula, anakaa nyuma ya jiko, krii, krii. Panga likawa jembamba kama jani la mkonge. Nikimwuliza, "Unakwenda kukata nini?" ananijibu, "Nanoa tu, mama." Zaituni wetu mdogo akawa analizwa na sauti hiyo, anaziba masikio. Na mimi, eda imenifungia humu, mahali pangu pa kukanyaga ni chumba, jiko na bustani. Ikawa kazi yangu kupalilia huku nimemtegea sikio. Jiwe likinyamaza, moyo unaruka: ameondoka. Likianza tena, nashukuru. Nilikuwa nashukuru mwanangu ananoa panga, fikiria.

Na pale ulipoangukia, boga liliota. Mbegu nilikuwa nimetia mimi mwenyewe, unajua, wiki ile. Nguruwe walikanyaga matuta yote lakini hilo likachipua, likatambaa, shina nene kama mkono wa mtoto. Sikuthubutu kuchuma majani yake. Zaituni nilimwambia asiguse. Likatoa tunda moja, likakaa hapo linavimba, na Sefu alikuwa akipita anageuza uso.

Siku moja ya Ijumaa, jua limeshapanda, akaja amevaa kanzu yako. Akanibusu mkono. Akasema, "Mama, nikitoka msikitini nakwenda Kwaluguru." Nikamwambia, "Kufanya nini?" Akasema, "Kumsalimia Mzee Mhina." Akatabasamu. Mtoto wangu, niliyemnyonyesha, akatabasamu tabasamu ambalo sikulizaa mimi. Panga alikuwa amelifunga kwa shuka mgongoni.

Nilimshika miguu. Nilimwambia watakunyonga, Sefu. Nilimwambia mimi nimezika mmoja, usinipe wa pili na maiti ya mzee wa watu juu yake. Akanibandua vidole kimoja kimoja, polepole, kwa adabu, kama mtu anayetoa mbigili kwenye nguo.

Hapo ndipo akili ikaniruka, au ndipo iliponirudi, sijui. Nikasimama. Nikachukua fyekeo na jembe. Nikaenda kwenye ua nikasukuma nguzo ya mkonge ikalala, nikapita. Nguo za eda na kila kitu. Zaina alikuwa anatwanga, akaacha mchi kinuni akapiga yowe: "Jamani! Mjane yuko eda anaruka ua! Mama Sefu, umerogwa wewe!" Nikamwambia, "Wifi, kama nimerogwa njoo unishike." Hakuja. Hakuna aliyekuja. Walijaa huku upande wetu, wametoa macho.

Nikaenda mpaka kwenye kijiti. Nikaking'oa. Nikalitia lile gamba chini ya kisigino, likalia kah! Nikageuka nikamwita Sefu kwa sauti iliyonichana koo: "Mtazame mama yako! Nimelivunja! Kama ni kago linaua, niue mimi sasa hivi, halafu ndiyo uende Kwaluguru. Nisipokufa, ni nguruwe. Nguruwe, Sefu! Baba yako aliuawa na nguruwe!" Nikaanza kufyeka. Sikuwa nafyeka nyasi, nilikuwa nazipiga. Ndulele zinanichana mikono, sisikii. "Mama, toka!" anapiga kelele, nami nafyeka.

Akatoka. Dume. Alitoka chini ya ukuta ulioanguka, manyoya yamesimama mgongoni, na alikuja kimya, hakukoroma. Nilimpiga jembe la uso, mpini ukanivunjikia mkononi ukanipasua kiganja hiki. Nikaanguka. Nikaona jino lake, karibu, la njano, na pumzi yake inanuka viazi. Viazi vyetu. Ndipo Sefu akafika. Alikuja ameruka ua na kanzu yako, akampiga panga la shingo, mnyama akalia kama binadamu, akageuka, Sefu akampiga la pili, la uti wa mgongo, miguu ya nyuma ikalala, ya mbele inakwangua. Akampiga tena. Akafa yule. Sefu hakuacha. Alimkata alipokuwa ameshakufa, akamkata kichwa, akamkata tumbo, anasema "Baba, baba, baba," kila panga na neno lake, kanzu yako nyeupe haina tena pahali peupe. Nilimkumbatia kwa nyuma, mimi na damu yangu na yeye na damu ile ya haramu, nikashika mikono yake mpaka ikaisha nguvu. Ndipo alipolia. Alilia kilio chote alichokiweka toka Mkata.

Msikitini hakwenda siku hiyo.

Sijui kama ndiye aliyekuua. Sefu anasema ndiye. Nami nimemwachia hivyo.

Alikuja Petro, yule kijana ambaye baba yake alikuja kukata mkonge huko Hale, na mbwa wake. Akavua kofia. "Pole, Mama Sefu. Sasa huyu bwana mtamfanya nini?" Nikasema tutamfukia. Akashika kichwa. "Mtamfukia! Mama, Mungu atatuuliza sote. Nyie atawauliza mkimla, sisi atatuuliza tukimwacha." Nilicheka, Baba Sefu. Nisamehe, nilicheka, mara ya kwanza tangu uende. Akaita wenzake, wakambeba. Na jioni ile ile Petro akarudi na wenzake bila kuitwa, wakaufyeka uwanja wa Mhina wote, wakatia moto takataka, mbwa wakaua nguruwe waliobaki mle. Sasa nikisimama jikoni naona mpaka barabarani.

Zaina ndiye aliyetumiminia maji. Tuliosha mwili, nguo, na panga, mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotakiwa. Panga lilipotakata Sefu alilitundika ukutani. Sikulala vizuri bado. Kutundikwa si kuachwa.

Na kweli. Wiki iliyofuata, asubuhi, mtu akapiga hodi. Mzee Mhina. Miguu mitupu, vumbi mpaka magotini, amekonda, ametoka Kwaluguru kwa miguu. Sefu hakusema shikamoo. Mzee hakungoja, akapiga magoti pale pale uani, mzee yule, mbele ya mtoto.

Akasema, "Mwanangu, nimesikia mnasema nimemuua baba yako kwa kago. Sikuweka kago. Mimi uganga siujui, hata kuku akiumwa sijui nimpe nini. Niliogopa nikiondoka ofisi ya kijiji itampa mtu mwingine kiwanja. Nikaokota konokono njiani, nikachana kaniki mbovu. Nikasema wataogopa. Basi."

Hakuna dawa. Gamba tupu. Kijiji kizima, Baba Sefu, balozi na maustadhi na sisi wote, tulikaa tunaliogopa gamba tupu huku nguruwe wanazaana chini yake. Wewe peke yako hukuliogopa, na wewe ndiye uliyekufa.

Sefu akanyanyuka. Aliingia ndani akatoka na panga. Alikuwa mweupe midomoni. Mzee hakukimbia, aliinamisha shingo, akaniangalia mimi, si Sefu. Na mimi nilikuwa nimekaa mbali, nikijua nikimkimbilia atakuwa ameshafika. Pembeni yangu ndilo lile tuta. Sikufikiri. Nililikata lile boga kwenye kikonyo, nikalibeba kwa mikono miwili, zito kama mtoto, nikaja nikaliweka chini, katikati yao, mbele ya panga.

Nikasema, "Baba, maadamu umelishika, nipasulie boga la baba yako. Nina mgeni."

Alisimama sana. Halafu akanyanyua, akapiga, nami nilifumba macho. Nikasikia mlio wa boga. Nilipofumbua lilikuwa mapande mawili, ndani jekundu kama moto, na panga limezama ardhini hadi nusu, na Sefu ameliacha.

Nililipika kwa nazi. Mzee Mhina alikula huku machozi yanaingia kwenye sahani. Sefu hakukaa naye, usidhani. Hajamsamehe, wala mimi sijui kama nimemsamehe. Alichukua sahani yake akaenda kula peke yake kwenye tuta, mgongo kwetu. Baadaye akairudisha, imepanguswa. Akaniuliza, "Mama, limebaki?"

Mzee ametuachia uwanja wake tulime. Anasema yeye hana uso wa kurudi hapa.

Basi, mume wangu, karatasi inaisha. Kesho nikikogeshwa nitakuja ulipo, ndiyo safari yangu ya kwanza, na nitakusomea hii mwenyewe, kwa sauti, usije ukasema kisomo kilikuwa cha bure. Mbegu nimezianika, zimekauka. Nitazipanda pale kijiti kilipokuwa. Na nakuahidi hili, mbele ya Mungu: panga lako nitalificha kwenye mabua ya paa, na likiteremka litateremka kwa kazi ya mboga. Mtu halitamgusa nami nikiwa hai.

Pumzika sasa. Nami nitajaribu.

Mkeo,
Mama Sefu